Magoti ya mama: miti ya porini na sindano za mjini



Miezi mitatu iliyopita, siku ya likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alisimama mbele ya wote akaomba apewe zamu yake mapema. Zamu yake ilikuwa bado mbali. Huyu mama anauza makala, ana miaka zaidi ya hamsini, na kila mtu katika avenyu yake anajua sauti ya goti lake la kuume: akisimama kutoka kwenye kiti cha mbabula, linalia kama kuni kavu. Mtu alikuwa amemwambia kwamba mjini kuna sindano mpya inayootesha kartilaji. Sindano tatu, dola 150 kila moja. Likelemba ingempa dola 300. Zile 150 zilizobaki alitaka kuzitoa katika minervali ya binti yake, ambaye alikuwa mwaka wa mwisho wa umanite na alikuwa anangojea Exetat.

Tuligombana, hatutaficha. Wengine walisema apewe, mguu ni mguu. Wengine walisema aache mambo ya mjini, aende kwa mama mzee anayekanda kwa miti. Wengine walimwangalia binti aliyekuwa amekaa nyuma kimya. Mwishoni kikundi kilituomba sisi wa ukurasa wa afya tuulize, tusome, tumsindikize kwa munganga, kisha turudi na jibu. Jibu ndilo hili, na limechukua muda kuliko tulivyodhani.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukila paja la kuku, mwisho wa mfupa unaona kitu cheupe, laini, chenye kung'aa, ambacho watoto wanapenda kutafuna. Hiyo ndiyo kartilaji. Watu wa pwani ya Tanzania wanaiita gegedu. Katika goti lako ipo vilevile, inafunika ncha za mifupa ili iteleze bila kusuguana. Unene wake ni milimita chache tu. Haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo yenyewe haiumi. Maumivu yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake na kwenye ngozi ya ndani ya kiungo inayovimba. Tena haina mishipa ya damu, na shida yote inatokea hapo. Mkono ukikatwa, damu inaleta vya kujengea, kidonda kinafunga. Kartilaji ikichanika, hakuna damu ya kuleta kitu. Munganga mmoja wa London, William Hunter, aliandika mwaka 1743 kwamba kartilaji ikiisha kuharibika hairudi. Miaka karibu 280 imepita, na wanganga wengi bado wanamkubali.

Basi inakula nini, kama haina damu? Inakula kutoka katika maji ya kiungo. Ukikanyaga inakamuliwa, ukiinua mguu inanyonya tena, kama eponji ya kuoshea sahani. Kumbe mguu unaokaa bila kutembea unaikosesha chakula. Tunasema hivi kwa haya kidogo, kwa sababu katika ukurasa huu huu tuliwahi kuandika kwamba mama mwenye magoti mabaya apumzike na aache kutembea. Tulikosea. Kama kuna mama aliyetusikia akakaa kitini mwaka mzima, tunamwomba msamaha, na asome mpaka mwisho.

Kwetu kila maumivu ya kiungo tunayaita rumatizimu, na hapo tunachanganya mambo. Kartilaji kulika polepole na uzee, uzito, kazi ya kubeba, au baada ya kuanguka vibaya, wanganga wanaita artrozi. Inauma ukitembea, inatulia ukikaa, asubuhi kiungo kinakuwa kigumu kwa dakika chache kisha kinalegea. Lakini goti linalovimba ghafla, lenye moto na homa, hilo ni jambo la siku hiyo hiyo, hospitali, bila kungoja. Linaweza kuwa usaha ndani. Mtoto ambaye viungo vinamuuma kimoja baada ya kingine, baada ya koo kuuma, aonekane na munganga, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kwenda kwenye moyo. Na mtoto wa SS anayelia nyonga au anayechechemea asiambiwe kwamba amelala vibaya. Mifupa ya nyonga ya watoto wa SS inaweza kufa ndani kwa kukosa damu. Hayo matatu si mambo ya kukanda.

Sasa miti. Tulienda kwa wanganga wa miti wawili, mama mzee wa hapa Katuba na baba mmoja anayeuza mizizi sokoni. Mama mzee alitupokea vizuri, akatuwekea viti, akatuonyesha anachofanya: kitambaa cha maji ya moto, mafuta ya ngazi yaliyopashwa kidogo, kisha mikono yake, polepole, kuanzia juu ya goti kushuka. Tulimuuliza wazi kama dawa yake inaotesha kartilaji. Alicheka. Akasema yeye anatuliza, haoteshi. Tulimpenda kwa jibu hilo, kwa sababu wote waliokuja baadaye na karatasi za rangi hawakusema kweli namna hiyo. Kukanda kwa joto kunalegeza misuli inayokaza kulinda goti, na mama anapata usingizi. Hakuna ubaya, mradi ngozi isiungue na goti lisiwe lile lenye moto na homa.

Baba wa sokoni alikuwa na mizizi. Kuna mmoja ambao ukiukwaruza unatoa harufu kali, ile ile ya pomade wanayopakwa wachezaji wa mpira wakianguka uwanjani. Mti wake una maua ya rangi ya zambarau, uko katika pori letu lote la Katanga, na kila kabila lina jina lake. Katika vitabu wanauita Securidaca longepedunculata. Harufu ile si bahati. Mafuta ya mzizi ule karibu yote ni metili salisilati, kitu kile kile kinachotiwa katika pomade za misuli za farmasi, ndugu wa aspirini. Kwa hiyo wazee waliopaka mzizi ule juu ya kiungo walikuwa wanajua wanachofanya. Lakini sikilizeni: kupaka na kunywa ni mambo mawili. Mzizi huo ukinywewa ni sumu, umeua watu katika nchi nyingi za Afrika. Mtu akikuletea kikombe cha mzizi huo kwa ajili ya goti, mshukuru, kisha mwaga.

Tangawizi ya chai haina shida. Watu waliipima juu ya magoti ya artrozi, wakaona inapunguza maumivu kidogo, kidogo kweli. Pilipili nayo ina sifa yake: ile kitu inayowasha ndani yake inatiwa katika pomade za farmasi, na kama unapaka kila siku kwa majuma kadhaa, inachosha mishipa inayopeleka maumivu. Ila si pilipili ya kusaga jikoni na kufunga kwa kitambaa, tumeona malengelenge. Kule Kalahari, Namibia na Botswana, Wasan wanachimba mzizi wenye matunda kama makucha, na leo unauzwa Ujerumani na Ufaransa katika farmasi kwa ajili ya viungo. Unasaidia baadhi ya watu, si wote. Na shu! Mwaka 2016 Wajerumani walitangaza jinsi walivyofunga majani ya shu juu ya magoti ya wagonjwa kwa majuma manne. Wenye shu walipata nafuu kuliko wale walioendelea na matunzo yao ya kawaida, ila hawakuwashinda waliopaka pomade ya maumivu. Mama mmoja wa kikundi alisema afadhali shu aipike na samaki, na hatukuweza kumbishia.

Kuchanja kwa wembe na kusugua unga mweusi, pamoja na kuumika kwa pembe, hayo hatuyakubali, na tulimwambia mama mzee hivyo (naye aliacha kuchanja zamani, akasema). Si dharau kwa wazee. Wembe mmoja ukipita kwa magoti ya watu wawili unaweza kubeba ukimwi na ugonjwa wa ini wa virusi B. Na unga ule haufiki kwenye kartilaji. Uko chini sana.

Lakini hatari kubwa tuliyoikuta haikuwa kwa wanganga wa miti. Ilikuwa katika mifuko ya plastiki ya wanaotembeza dawa. Mama mmoja wa kikundi jirani alinunua kapsuli za kahawia, aliambiwa ni mizizi mitupu. Siku ya tatu maumivu yalikwisha kabisa. Alicheza kwenye harusi. Baada ya miezi uso wake ukawa mviringo, tumbo likatoka, watu wakamsifu kwamba mume wake anamlisha vizuri. Kisha kiu, kukojoa usiku, kidonda cha mguu kisichopona. Alipofika hospitali sukari ilikuwa juu sana, na munganga akashuku kwamba katika zile kapsuli mlikuwa na deksametazoni. Dawa hiyo ni ya kweli, inaokoa watu katika mikono ya munganga, lakini ukiinywa miezi inakula mifupa, inapandisha sukari na presha, inafungua mlango kwa magonjwa mengine. Mbaya zaidi, huwezi kuiacha ghafla. Mwili umeshasahau kujitengenezea ya kwake, na mtu anaweza kuanguka. Mama huyu ilibidi ashushwe polepole, majuma mengi. Kwa hiyo mnasikia tunarudia: dawa ya miti inayoondoa kabisa maumivu ya miaka mitatu ndani ya siku tatu, ogopeni.

Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini, ambazo tunanunua mbilimbili kama pipi, ni dawa nzuri kwa siku chache. Kwa miezi zinatoboa tumbo, zinachosha figo, zinapandisha presha. Mama mwenye mimba asizitumie bila munganga kumwambia, na kuanzia mwezi wa tano wa mimba ndiyo kabisa, kwa sababu zinagusa figo na moyo wa mtoto tumboni. Kwa goti, diklofenaki ya kupaka ni bora kuliko ya kumeza. Dawa inafika pale pale, na tumbo linasalimika. Tulishangaa kwamba hakuna aliyekuwa ametuambia.

Tufike sasa kwenye sindano za mjini, maana ndizo zilizoleta ugomvi.

Kuna sindano ya kortizoni ndani ya goti. Munganga wa kweli anaweza kuitoa goti likivimba sana, na inatuliza kwa majuma, pengine miezi miwili mitatu. Lakini mwaka 2017 Wamarekani walitangaza habari za watu 140 waliopewa sindano kila miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu yao kortizoni, nusu maji ya chumvi. Mwishoni maumivu yalikuwa sawa kwa wote, na wale wa kortizoni kartilaji yao ilikuwa imepungua zaidi. Moja kwa shida, sawa. Kuifanya desturi, hapana.

Kuna sindano ya asidi ya hialuroniki, wanaoiuza wanasema ni kutia mafuta katika goti. Zamani walikuwa wanaitoa katika upanga mwekundu wa kichwa cha jogoo, na hilo lilitufurahisha sana. Nafuu yake ni ndogo, na bei si ndogo.

Na kuna ile ambayo mama yetu aliahidiwa. Wanakutoa damu yako mwenyewe, wanaizungusha katika mashine, wanachukua sehemu yenye chembe za kugandisha damu, wanakurudishia ndani ya goti. Unaona damu yako, unaona mashine, unaamini. Australia waliijaribu kwa watu 288 wenye magoti ya artrozi, majibu yakatoka mwaka 2021. Nusu walipewa ile ya damu, nusu maji ya chumvi, sindano tatu kila mmoja, na hakuna mgonjwa aliyejua amepewa ipi. Baada ya miezi kumi na miwili maumivu yalikuwa yamepungua karibu sawasawa kwa pande mbili, na kartilaji vilevile haikuonyesha tofauti. Maji ya chumvi, wamama. Dola 450 na minervali ya mtoto.

Tusiseme kwamba wote wanaoitoa ni wadanganyifu. Wako wanganga wanaoiamini, na wako wagonjwa wanaosimama wakasema wamepona. Lakini wale wa maji ya chumvi nao walisema wamepata nafuu. Goti la artrozi lina majira yake, linapanda na kushuka, na mtu anaenda kuchomwa siku limepanda. Hata upasuaji unadanganya namna hiyo. Mjini Houston, Marekani, munganga Moseley na wenzake walichukua wagonjwa 180. Wengine waliingizwa kamera gotini wakakwaruzwa na kuoshwa kartilaji, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa, bila kufanywa kitu ndani. Miaka miwili baadaye hakukuwa na tofauti. Majibu hayo ni ya mwaka 2002, na bado kuna mahali wanauza kuoshwa goti.

Je, hakuna inayootesha kweli? Ipo, na tuitaje kwa haki. Huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1994, Brittberg, Peterson na wenzao walitangaza kwamba walichukua kipande kidogo cha kartilaji ya mgonjwa, wakazidisha chembe zake maabara kwa majuma mawili matatu, wakazirudisha katika shimo lililokuwa gotini. Walianza na watu 23. Leo njia hiyo imeendelezwa, na Marekani waliruhusu aina yake mpya mwishoni mwa 2016. Lakini ni kwa kijana aliyevunja kipande kimoja katika mpira, goti lingine lote likiwa zima. Ni kama kiraka katika kitambaa kizuri. Kitambaa kilichochakaa chote hakishiki kiraka, na goti la mama yetu ndivyo lilivyo. Hiyo nayo haifanywi kwa sindano tatu katika nyumba ya kupanga.

Kwa goti lililochakaa kabisa, kitu kinachofanya kazi ni kubadilisha: goti la chuma na plastiki. Nyonga zilianza, Charnley kule Uingereza mwaka 1962, magoti ya kisasa yakafuata miaka ya 1970. Waliohesabu mwaka 2019 walikuta kwamba kama nane kati ya kumi ya magoti hayo bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Si mambo ya Wazungu peke yao. Malawi wanaandika katika daftari la taifa nyonga na magoti wanayobadilisha tangu 2005, na Lusaka kuna hospitali ya mifupa ya Waitaliano ambayo watu wa hapa wanaifahamu. Shida ni pesa, na safari, na kwamba kiungo cha chuma kikipata usaha ni taabu kubwa. Wazee wetu wanakumbuka wakati mke wa mfanyakazi wa Gécamines alikuwa anaingia hospitali ya kampuni bila kutoa faranga. Baada ya départ volontaire ya 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipotoka, familia zao zilibaki kutafuta njia zao kama sisi wengine. Hatuna jibu la hilo katika ukurasa mmoja.

Tulimsindikiza mama yetu kwa munganga wa mifupa. Alipigwa picha ya radio akiwa amesimama (ombeni hivyo, kwa sababu ukilala nafasi ya kartilaji inaonekana kubwa kuliko ilivyo). Upande wa ndani nafasi ilikuwa imebaki kama uzi. Munganga alimwambia bila kuzunguka kwamba hakuna sindano itakayoujaza uzi ule. Akamwandikia diklofenaki ya kupaka, akamtuma kwa kine, na akasema baada ya mwaka wataangalia kama ni wa upasuaji. Mama yetu alitoka amekasirika. Alitaka dawa, akapewa mazoezi. Njiani hakutusemesha.

Mazoezi yenyewe hayana fahari. Unakaa kitini, unanyoosha mguu mmoja mpaka goti linanyooka, unahesabu mpaka kumi, unashusha. Mara kumi kila mguu. Kisha unasimama kutoka kitini bila kusaidia na mikono, unakaa polepole, mara nane au kumi. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti kwanza. Na kutembea, kila siku kidogo zaidi. Maumivu madogo wakati wa kufanya yanakubalika. Yakibaki mpaka kesho yake, umezidisha, punguza. Msuli wa mbele wa paja ndio unaopokea uzito badala ya goti, na msuli haujengwi kwa siku tatu. Majuma sita mpaka kumi na mawili ndipo unaanza kuona kitu. Wengi wanaacha juma la tatu, na mama yetu naye aliacha juma la tatu. Binti yake ndiye aliyemrudisha, anahesabu kwa sauti huku anasoma masomo yake.

Fimbo: ishikwe mkono wa upande mwingine, si upande wa goti bovu. Goti la kuume linauma, fimbo mkono wa kushoto. Karibu wote tunakosea hapo.

Mbabula: mama yetu aliinua yake juu ya matofali, sasa anakoroga bukari akiwa kwenye kiti cha kawaida, haichuchumalii tena. Matofali yapangwe sawasawa yasiyumbe, na mpini wa sufuria ugeuzwe mbali na watoto.

Juu ya uzito tutasema haraka, kwa sababu tunajua katika mji wetu kilo ni heshima na mama mwembamba anaulizwa nani amemfia. Waliopima wanasema kila kilo moja unayopunguza mwilini inaondoa kama kilo nne juu ya goti, kila hatua. Bido ya maji kichwani nayo goti linaisikia. Bido ndogo mbili za lita kumi, safari mbili, ni afadhali kuliko moja ya ishirini.

Mnataka kujua yuko wapi leo. Likelemba atapata kwa zamu yake, kama wote. Binti ameandika Exetat, tunangojea majibu. Zamani kutoka nyumbani mpaka sokoni alikuwa anasimama mara tatu, sasa anasimama mara moja. Mvua ikikaribia goti linamwambia. Gunia la makala habebi tena, analipa kijana wa pusupusu, na hiyo inamkata faida kila siku. Anaihesabu na anatuambia kila akituona. Juzi alituuliza tena juu ya ile sindano, kama bei imeshuka.

Kine amekubali kuja Jumamosi hii, saa tisa, katika lupango tunamokutania siku zote, kuonyesha mazoezi kwa wamama kumi na watano. Kila mmoja aje na kiti chake kigumu kisicho na mikono, na kitenge cha kujifunga chini ya goti. Wenye kapsuli za kahawia nyumbani wazilete pia, hatutauliza nani amewauzia. Wasizitupe wala kuziacha kabla ya kuonana na munganga.